Mwaka Tulipofanya Mazoezi ya Kugombana

Aliyenipigia simu kuniambia kwamba Lameck amefariki alikuwa mjane wake mwenyewe. Alisema, "Dada Foibe, nimeona usije ukasikia kwa watu," kisha akalia, nami nikalia, wanawake wawili ambao hatujawahi kukaa meza moja. Nilikwenda Mpwapwa kuzika. Ndani ya basi nilikuwa na hofu ya kipuuzi kwa mwanamke wa umri wangu: nitakaa wapi? Msibani kila mtu ana mahali pake. Kuna mkeka wa wafiwa, kuna viti vya majirani, kuna jikoni kwa wanaopika. Mtalaka hana mkeka. Nilipofika nikajipenyeza kwa waliokuwa wakichambua mchele, na mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Wewe ni nani wake marehemu?" Nikasema, "Tuliwahi kuwa jirani." Watoto watatu wa Lameck walipita wamevaa fulana zenye picha yake, yule mkubwa ana paji la uso lile lile. Mimi sikujaliwa mtoto, si kwake wala baada yake, na siku hizi nalisema hilo bila kushusha sauti. Lakini kulikuwa na mwaka ambao maneno hayo machache ndiyo niliyoyaogopa kuliko kitu chochote duniani, na mtu niliyeogopa ayatamke alikuwa yeye, Lameck, mume wangu wakati huo, ambaye hata hatukuwa tumegombana naye.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Tulikaa Nzuguni, wakati viwanja vingi bado vilikuwa miiba na nguzo za mipaka, kwenye nyumba yetu wenyewe ya vyumba viwili na sebule ambayo ujenzi wake haujakwisha. Madirisha ya sebule tulikuwa tumeyaziba kwa matofali tukisubiri nondo, na nyumba nzima haikuwa na dari. Nyumba isiyo na dari haina siri. Ukikohoa chumbani, wa jikoni anakuambia pole. Maneno yanapanda, yanavuka ukuta juu kwa juu na kukuangukia kitandani. Upepo ukivuma, na Dodoma hauchoki kuvuma, bati linapiga kelele na vumbi linaingia kwenye maji ya kunywa. Lameck alikuwa mpima ardhi, mtu wa kutoka asubuhi na kofia na kurudi na miguu myekundu. Mimi nilisimamia mashine ya kukamua alizeti, na nilirudi nyumbani nikinuka mafuta hadi kwenye nywele. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, yeye akimenya karanga na kuniwekea zangu kwenye kisosi. Ukitutazama kwa nje ungesema hawa wamebarikiwa, wamepungukiwa kitu kimoja tu. Lakini tulikuwa tunaishi kama watu wanaomsubiri mgeni: chakula kimeshapoa, na hakuna anayethubutu kuanza kula. Miaka minane. Tulishakwenda hospitali wote wawili, tukapimwa, tukaambiwa hawaoni tatizo kwa yeyote. Watu hudhani hilo ni jibu zuri. Mimi niliona ni heri wangetaja mmoja, kwa sababu jibu lile lilituachia kazi ya kutazamana.

Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa anamenya karanga, akasema bila kuinua macho, "Foibe, tukiachana, utaogopa?" Nikamjibu upesi kiasi kwamba nilijishangaa: "Nikibaki naogopa zaidi." Hapakuwa na kelele, hapakuwa na mtu wa kufungasha nguo. Tulizungumza usiku ule taratibu kama watu wanaopanga safari, nani atabaki na nyumba, nani atachukua kile kiwanja cha Ihumwa chenye chumba kimoja, na ndugu tuwaambie lini. Nilimwomba jambo moja tu. Nilisema, "Waambie watu chochote unachotaka, lakini usiseme ni kwa sababu sizai." Alinitazama, akasema, "Siwezi kusema hivyo." Nikaamini. Watu waliokuwa wakinisalimia sokoni wakitazama tumbo langu kwanza halafu uso, nilitaka wabaki na kubahatisha kwao. Kubahatisha nilikuwa nimekuzoea. Kuthibitishiwa na mume wangu mwenyewe nilijua kungenimaliza.

Kumbe kuachana kwa amani ndiko kugumu. Hilo tulielezwa na Zuhura, jirani yetu mtumishi wa serikali aliyehamia na ofisi yake kutoka pwani, mwanamke aliyeachika mara mbili na aliyekuwa akizungumzia talaka kama wengine wanavyozungumzia mapishi. Alikuja kunywa chai, akatukuta tumekaa benchi moja, mimi nikimtoa Lameck mwiba kidoleni. Akatusikiliza, akacheka hadi akashika mbavu. "Nyie! Mnadhani mtakwenda mahakamani mseme tumekubaliana, basi? Hakimu hawapokei. Kwanza mpite baraza la usuluhishi. Baraza liwasikilize, liwapatanishe, lishindwe, ndipo liwape hati kwamba limeshindwa. Sasa nyie watashindwaje kuwapatanisha? Mtaingia pale mnapepeana." Lameck akamuuliza kwa heshima kabisa, "Kwa hiyo tufanyeje, dada Zuhura?" Akasema, "Tafuteni ugomvi, shemeji. Na muufanyie mazoezi, maana nyie hamna kipaji." Baraza la kanisani hatukuthubutu hata kulifikiria. Mchungaji wetu angetupigisha magoti na kutuombea hadi tukasahau tulichokuja kusema. Tukaamua kwenda la kata.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, Jumapili baada ya ibada, mlango tumefunga, kufanya mazoezi ya kugombana. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Lameck alisimama katikati ya sebule na kutangaza, "Waheshimiwa, mke wangu hajui kupika." Nikamwambia, "Na hilo tumbo utalificha wapi?" Mimi nikasema nitamshtaki kwa ulevi. Akasema mwenyekiti wa baraza anasali naye, anajua hata divai ya meza ya Bwana anaionja kwa ncha ya ulimi. Tulicheka. Nakumbuka niliwaza kwamba tulikuwa hatujacheka hivyo muda mrefu, na wazo hilo likanitia hofu, kwa sababu niliona jinsi ambavyo tungeweza kucheka mara mbili tatu zaidi, tukaahirisha, na tukarudi kumsubiri mgeni wetu hadi uzeeni.

Kisha, Jumapili iliyofuata, Lameck akasema, kwa sauti ile ile ya kuigiza, "Mke wangu ananidharau mbele ya wageni." Nikangoja acheke. Hakucheka. Akaendelea, "Nikianza kueleza jambo, ananimalizia. Watu wanamsikiliza yeye, mimi nabaki na mdomo wazi." Nikajua ni kweli, na nikajua amelibeba siku nyingi. Nami, kwa kuchomwa, nikasema, "Mume wangu anakaa kimya siku tatu halafu ananiuliza kama kuna chumvi." Hilo nalo lilikuwa kweli. Tukasimama pale, watu wawili kwenye sebule isiyo na madirisha, tukitazamana kama tuliovuana nguo. Tangu siku ile mazoezi hayakuwa mchezo. Kila Jumapili tulileta kitu kipya, na kila kitu kilikuwa na ukweli ndani yake. Katikati ya wiki tulikuwa waungwana, nampasia maji ya kunawa, ananiwekea karanga, lakini nilianza kuziogopa Jumapili. Nilimwogopa hata yeye, mtu ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono. Nilikuwa nikitazama mdomo wake anapokula na kujiuliza ni nini kingine kimo humo. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamkumbusha lile ombi langu. Akasema, "Nitajibu nitakachoulizwa, Foibe. Mbele ya wazee siwezi kupanga kila neno." Hakukuwa na ubaya katika jibu lile. Mimi nililirudia kichwani wiki nzima pale mashineni.

Mama yake alikuja kutoka Mpwapwa mwanzoni mwa masika, na kiroba cha karanga na kuku wawili waliofungwa miguu. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, akaniuliza habari za mashine, za mafuta, za mgongo wangu, kila kitu isipokuwa kile. Nilimpenda yule mama, na yeye alinipenda. Msije mkafikiri ni mama mkwe wa kwenye michezo ya redioni. Alinisuka nywele kibarazani, vidole vyake vikinuka tumbaku. Alasiri nikajilaza chumbani, nikamsikia anazungumza na mwanawe jikoni. Walidhani nimelala. Walianza kwa Kigogo, kisha, kama ilivyo kwa watu wa mjini, wakateleza kwenye Kiswahili. Mama akasema, "Mimi simchukii. Ni binti yangu. Lakini wewe ukiwaambia wazee eti tumechokana, nani atakuelewa? Watasema una wazimu, au una ugonjwa. Sema hazai. Si tusi, baba. Kila mtu ataelewa, utaoa bila maneno." Nikainuka kwa kiwiko. Nikasikia Lameck akivuta kigoda. Akaanza kusema, "Mama, mimi…" na upepo ukakumba bati, bati likapiga na kupiga, na lilipotulia wote wawili walikuwa wanazungumzia kuku. Nimeishi sehemu kubwa ya maisha yangu bila kujua jibu lile. Wakati ule nililala tena, nikajifunika kitenge hadi usoni, mchana kweupe wa jua la Dodoma.

Nilikwenda peke yangu kukiona kile chumba cha Ihumwa. Mlango haukuwapo, na mbuzi walikuwa wamefanya kwao. Reli iko karibu, na treni la mizigo lilipopita chembe za saruji zilidondoka kutoka ukutani. Nikasimama katikati nikijaribu kuweka kitanda kwa mawazo, hapa kitanda, pale jiko la mkaa. Niliogopa wezi, niliogopa nyoka, niliogopa kupika chakula cha mtu mmoja. Niliogopa kwamba jirani wa kwanza atakayekuja kunisalimia ataniuliza nina watoto wangapi. Lakini nakumbuka pia kwamba nilizoa kinyesi cha mbuzi kwa kipande cha bati nikakitupa nje kabla ya kuondoka, jambo ambalo mtu asiyekusudia kurudi halifanyi.

Siku ya baraza tulivaa nguo za kanisani. Ofisi ya kata ilikuwa na mabenchi, meza yenye kitambaa cha plastiki, mwenyekiti mzee mwenye sweta licha ya joto, na wajumbe kadhaa, mmoja wao mama mnene wa kitenge cha njano ambaye tangu tuingie hakuondoa macho kwangu. Lameck alianza na lile la dharau. "Ananidharau mbele ya wageni, waheshimiwa." Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Kijana, kama dharau ingekuwa inavunja ndoa, hapa asingebaki hata mmoja." Nikaleta kimya cha siku tatu. Mama wa kitenge akasema, "Wangu mimi alinyamaza tangu tuoane, na nina wajukuu." Mambo yetu yote yaliyokuwa yakituchoma Jumapili baada ya Jumapili yalikwisha pale kama maji mchangani. Kisha yule mama akaegemea mbele, akauliza kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa mbaya, "Wanangu, mna watoto?" Lameck akasema hatuna. "Nani mwenye shida?"

Nilihisi masikio yangu yanaziba. Niliwaza, sasa. Atajibu alichoulizwa. Na kwa sababu sikuweza kungoja kusikia, nikafungua mdomo ili nijimalize mwenyewe kabla hajanimaliza. Nikasema, "Mimi." Na sauti yake, palepale, juu ya yangu, ikasema, "Mimi."

Mwenyekiti akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavua miwani, na nikaona ameguswa, jambo la hatari. Akasema, "Nimekaa hapa miaka mingi. Nimeona watu wakisukumiana lawama kama takataka. Sijaona wawili wanaozigombania. Nyie hamjaachana, mmechoka tu. Hati siwapi. Nendeni nyumbani mkale, mkalale." Lameck akajaribu kusema kwamba tumekubaliana. Mzee akainua kiganja. "Mkiona bado, mrudi na wazazi. Na mje na kitu ambacho mtu hawezi kusamehe. Hivi mlivyoleta, vinasameheka vyote."

Tulitembea kurudi bila kupanda chochote. Njiani tukacheka, kwa kweli tulicheka, tulishikana mikono tukivuka barabara. Nilikuwa mwepesi, kwa kuwa sasa nilijua kwamba asingesema. Wepesi ule ulidumu hadi mlangoni. Tulipoingia, sebule ilikuwa ile ile, kisosi cha karanga mezani, na sote tukajua tumerudishwa. Wiki zikapita. Hakuna aliyegombana na mwenzake, hata Jumapili. Usiku nilisikia anavyojizuia kugeuka asiniamshe, nami nilikuwa macho. Nimewahi kuogopa vitu vingi, magonjwa, upweke, kufa, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ule wema wetu. Niliona tunavyoweza kuzikana humo ndani kwa adabu.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyelisema, jikoni, asubuhi, nikikoroga uji. Nilisema, "Kitu ambacho mtu hawezi kusamehe tunacho kimoja tu." Akajua. Akasema, "Hapana." Nikamwambia basi aseme ana mwanamke. Akasema, "Wataniuliza jina, na watamwita." Nikamwambia aseme basi, aseme mimi sizai, yeye amechoka kungoja, anataka mwanamke wa kumzalia, na aseme mbele ya mama yake. Akasema, "Wewe ndiye uliyeniomba nisilitamke." Nikasema, "Sasa ni mimi ninayekuomba ulitamke." Nikakoroga kwa nguvu hadi mwiko ukagonga sufuria. Akauliza kwa nini nisiseme mimi juu yake. Nikamwambia ukweli: nikisema mimi juu yako utanisamehe palepale, na wataona. Alitoka bila kunywa uji. Jioni alirudi, akanawa, akaketi, akasema, "Nitalisema mara moja tu. Usinifanyishe mazoezi."

Mara ya pili tulikwenda na mama yake, na upande wangu nilimchukua Zuhura, nikamtambulisha kama dada yangu, yeye na lafudhi yake ya pwani, na hakuna aliyehoji. Mwenyekiti alisikitika kutuona. Akasema, "Haya, kijana. Kuna jipya?" Lameck akasimama. Hakunitazama. Alitazama kile kitambaa cha plastiki mezani, akasema, "Mke wangu hazai. Nimengoja miaka minane. Kila nikiingia nyumba ile naona haina mtu. Kila nikimwona mtoto wa mwenzangu barabarani nachelewa kurudi nyumbani, kwa sababu namjua ninayemkuta ni nani. Nimechoka naye. Nataka mwanamke atakayenizalia, nikiwa bado na nguvu za kumbeba mtoto." Nilikuwa nimemwomba maneno mawili matatu. Hayo mengine sikumpa mimi. Sauti yake haikuwa ile ya kuigiza sebuleni. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Nilikuwa nimejiandaa kulia, Zuhura aliniambia ikibidi nijifinye, lakini sikuhitaji. Kilio kilinitoka kama mtu aliyepigwa teke, nikainama hadi paji la uso likagusa magoti. Nikasikia mama yake akisema taratibu, "Ee Mulungu." Mama wa kitenge cha njano aliinuka, akaja akanishika, akamwambia Lameck, "Toka mbele yangu, we mwanamume." Na mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, "Basi. Sasa tumeona. Andika."

Walinitoa nje nipate hewa. Zuhura alibaki ndani akisubiri hati. Niliegemea ukuta wa ofisi, nikilia kwa sauti, bila kujali waliokuwa kwenye foleni. Lameck alikuwa amesimama uwanjani na mama yake, mikono imelegea, watu wakimtazama kama mnyama. Nilitaka kumuuliza kama alikuwa anasema au alikuwa ananisaidia. Zaidi ya hapo nilitaka aje. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyejua kuninyamazisha. Alikuwa hasemi neno, aliweka tu kiganja nyuma ya shingo yangu na kukiacha pale hadi nipoe. Nikaona mkono wake unaanza kuinuka, akapiga hatua. Nikatazama dirishani. Mwenyekiti na yule mama walikuwa wanatuangalia, na mzee alikuwa na mhuri mkononi, hajaupiga. Nikamtikisia Lameck kichwa. Akaelewa mara moja, kama alivyokuwa akinielewa siku zote. Akaushusha mkono, akamshika mama yake begani, wakaondoka kuelekea barabarani bila kugeuka, na mimi nikaendelea kulia pale ukutani hadi niliposikia mhuri.